Ukuta wa Harusi ya Waziri

Njooni karibu, wanangu, lakini wewe Aboubakar usikae hapo, unaniziba dirisha. Kitanda hiki nimekihamisha kwa ajili ya kile kipande cha ukuta ng'ambo ya njia, na sitaki kufa nikitazama mgongo wa mtu. Zima simu hiyo. Zainabu, nipe maji. Daktari amesema moyo wangu umevimba, nikamwambia ulivimba zamani kwa sifa, akacheka, kisha akageuza uso, nikaelewa. Basi sikilizeni nikiwa bado na pumzi, maana leo nitasema kweli, na kusema kweli kunanichosha haraka kwa kuwa sikukuzoea.

Mimi Hamidou, niliyeacha shule darasa la tano, njo mpiga foto mkubwa kuliko wote kutoka Kindu mpaka Kampene. Wenzangu walipiga sura za watu za kubandika kwenye vitambulisho. Mimi nilipiga kuta. Nilipiga nyumba za wazee wetu zinazobanduka chokaa, na stesheni yenye kutu, na mto Lualaba asubuhi umejifunika ukungu kama mtu asiyetaka kuamka. Na nilipiga kwa adabu: ukuta mzee nilikuwa naumwagia maji kidogo, nyufa zikolee, kisha nakaa juu ya ngazi kungoja jua la saa kumi. Watu walisema Hamidou anasalimia kuta. Ni kweli, nilizisalimia, na siku moja mmoja uliitika. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa shahidi.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka wa tisini na tano, Waziri, rafiki yangu wa utoto, alimwoa Mwanahamisi, akaniita niwapige foto mbele ya nyumba ya mama yake, hapo hapo mnapopaona. Bibi harusi akasimama, jua likashuka juu ya ule ukuta, mlango wa nakshi ukatoa kivuli, kibati cha namba kumi na saba kikawaka kama dhahabu ya machimbo ya Kama. Wanangu, mikono haikunitii. Nilimaliza filimu nzima. Foto zilipotoka, ukuta ulikuwa kamili, kila ufa mahali pake, na Mwanahamisi alionekana kuanzia shingoni kwenda chini, katika kila moja.

Waziri akaja mbio nazo mkononi. "Hamidou, hii njo nini? Kichwa ya bibi yangu iko wapi?"

"Ndugu yangu, tazama kwanza ule ukuta!"

"Mimi nilioa ukuta?"

Akanirushia zote usoni. Mtaa mzima ulicheka, nami nikaapa sitavuka njia mpaka aniombe radhi; fikirini, mimi niliyekata vichwa njo niliyengoja kuombwa radhi! Tangu siku ile tunasalimiana kwa kukohoa.

Vita vikaja, kisha vikaja tena, mji ukazingirwa, treni ya Lubumbashi ikakatika na filimu zangu zikakatika nayo. Mnadhani nililala? Nilitembea na kamera tupu. Wanajeshi walitaka foto, nikawapanga mbele ya stesheni, kidevu juu, bunduki chini, nikabonyeza, tcha! Walinilipa chumvi. Kamanda wao akauliza foto ziko wapi, nikamwambia zitakuja na treni. Mpaka leo anangoja, popote alipo. Chumvi ile njo iliyowakuza ninyi, kwa hiyo msinikunjie uso.

Lakini bomu liliiangukia nyumba ya mama yake Waziri, ikaungua na mlango wake na hati zote za parseli, za kiwanja chenyewe, kikabaki kile kipande tu. Filimu zangu nilizokwisha kupiga, ile ya harusi ikiwemo, nilikuwa nimezifukia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini ya banda la kuku. Waliopora walichukua kuku, wakachukua na banda, mkebe wakauacha.

Na sasa amekuja huyu mfanyabiashara anayetaka kujenga depo ya bidhaa. Anasema parseli ile ilikuwa tupu tangu zamani, na kwamba kile kipande ni ukuta wa choo. Wa choo! Jumatatu watu wa ardhi wanakuja kusikiliza, na Waziri hana hata karatasi moja. Amezunguka mtaa mzima na fimbo yake akiuliza nani ana foto ya ile nyumba, mlango kwa mlango, isipokuwa mlango huu. Nami nilikuwa hapa dirishani, wiki tatu, nikimtazama anapita, mkebe uko chini ya kitanda changu. Nilitaka aje. Nilitaka aseme, Hamidou, ulikuwa na haki. Hiyo njo dhambi yangu, na hii siyo hadithi.

Zainabu, zitoe. Vuka njia leo hii, kabla ya magharibi, msingoje mazishi. Usimwambie baba amesamehe. Mwambie baba anaomba. Mwambie, hukuoa ukuta, lakini ukuta ulihudhuria harusi yako, na Jumatatu utakuja na namba yake kifuani kusema ulikuwepo.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, msiigawe kwa kamba. Pikipiki na ngazi ni za Aboubakar. Usicheke, ngazi ile imeona mambo kuliko wewe. Kamera ni yako, Zainabu, kwa kuwa unajua kungoja. Ninadaiwa kitu kimoja tu duniani, kichwa cha Mwanahamisi. Mlipe wewe. Msimamishe palepale, saa kumi, ana mvi sasa, na mvi zinapenda jua lile. Kichwa kwanza. Ukuta baadaye, kama nafasi... ikibaki.

Mungu awape macho yasiyochoka. Awape jirani wa kugombana naye na siku za kutosha kupatana. Inueni mto kidogo... hapo. Nani anakohoa pale nje? Kikohozi kile nakijua. Kumbe ameshavuka yeye, mzee mwenye kiburi, amenishinda... Mfungulieni. Mpeni kiti, lakini kiwe upande huu, karibu nami, tutazame wote wawili. Jua limefika. Sogeeni, wanangu... mnatuziba ukuta.