Kuoga Upepo

Zimeni hiyo redio, fungueni dirisha, halafu mkae mahali ninapoweza kuwaona wote bila kugeuza shingo. Mama yenu akae hapa miguuni pangu. Wewe fundi, mwanangu wa pili, vuta hilo stuli. Na wewe Mama Pacha, kifungua mimba wangu, usisimame mlangoni kama mtu anayengoja kuitwa jikoni, njoo karibu. Najua uji utapoa, na upoe. Leo nimeamka na sauti kidogo, na daktari aliniambia siku za namna hii zitakuwa chache, kwa hiyo nataka niitumie yote kabla haijakauka. Mtu asinikatize kwa kuniambia nipumzike, maana huko ninakokwenda, kupumzika kupo kwingi.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka siku yake, na asije mtu kumpimia vyumba kwa kamba. Baiskeli yangu wapewe hao pacha, wapokezane, na wakigombana iuzwe. Gereji ya breki ni yako, fundi, pamoja na mashine ya kutobolea, jeki zote mbili na ile kompresa. Lakini kuna masharti, na hayo masharti ndiyo yaliyonifanya niwaite, kwa sababu kuna jambo nimekaa nalo kifuani pamoja na huu ugonjwa, na sijui lipi linanibana zaidi.

Kazi yangu mnaijua. Miaka thelathini na sita nimevua breki za malori, nimebandua lainingi zilizokwisha, lile gamba gumu linalobana gurudumu, nikapigilia mpya kwa riveti na kuzisaga kwa grainda mpaka zikae sawa. Kila gurudumu tulilolifungua lilikuwa limejaa unga mweusi, na tukilipuliza kwa bomba la upepo gereji nzima ilikuwa giza saa sita mchana. Jioni, kabla ya kufunga, mafundi wote walijipanga ukutani nami nikawapitishia lile bomba mmoja mmoja, mabegani, mgongoni, mpaka kwenye viatu. Tuliita kuoga upepo. Ilikuwa sherehe yetu. Mteja mgeni akisimama kushangaa, naye tulimuogesha kwa lazima, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Hapakuwa na gereji nyingine iliyokuwa na mchezo huo, mimi ndiye niliyeubuni, na niliujivunia kuliko ufundi wenyewe.

Baba yenu mdogo hakucheka. Mnakumbuka alivyokuwa akifanya kazi na kitambaa kimefungwa puani? Mimi ndiye niliyempa jina la Bibi Harusi, na jina likamganda mpaka wateja wakawa wanauliza Bibi Harusi yuko wapi leo. Siku moja alikuja na mfuniko wa boksi la lainingi, akanionyesha maandishi yaliyokuwa pembeni, madogo, kwamba ndani yake mna asbesto, vumbi lake lisivutwe, kazi ifanywe kwa maji, nguo zisipelekwe nyumbani. Alinisomea mbele ya mafundi wote. Nikachukua ule mfuniko nikaukunja mara nne, nikauchomeka chini ya mguu wa meza ya vifaa iliyokuwa ikiyumba, nikamwambia haya, sasa hayo maneno yamepata kazi. Watu waliangua kicheko. Yeye alifungua kitambaa chake, akakitandika juu ya meza, akaondoka. Ni miaka ishirini na minne sasa. Mimi niliwaambieni kwamba aliacha kazi kwa uvivu. Haikuwa kweli, wanangu. Na msidhani sikuyasoma yale maandishi. Niliyasoma jioni ile ile, peke yangu, nimepiga magoti chini ya meza, na kesho yake nikawaogesha watu upepo kama kawaida, kwa sababu nilishaona haya kurudi nyuma.

Juu ya vumbi niliongeza sigara, tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Daktari alinieleza kwamba kila kimoja peke yake kingetosha kuniharibu, ila vikikutana mapafuni vinasaidiana, hatari haijumlishwi tena, inazidishwa. Aliniambia pia wapo wanaopata saratani hii ya mapafu bila kuvuta sigara hata moja, kwa moshi wa majiko ya ndani, kwa moshi wa sigara za wenzao, na wengine bila sababu inayojulikana, kwa hiyo mkimsikia mtu ameipata msianze kumhesabia makosa. Mimi ya kwangu nayajua.

Ilianza na kikohozi, na kikohozi mimi nilikuwa nacho siku zote, nilikiita salamu ya asubuhi. Lakini kilibadilika. Kikawa kikavu, kikawa hakiishi, wiki tatu, miezi miwili, nikanywa dawa za chupa mpaka muuza dawa akanionea huruma. Kisha bega hili la kushoto likaanza kuuma, nikasema ni kunyanyua jeki. Sauti ikakwaruza, nikasema ni kelele za wateja. Suruali zikanipwaya, mama yenu akasema nimepungua, nikamjibu kwamba amepunguza mafuta kwenye mboga. Ngazi tatu za gereji zikawa zinanimaliza pumzi. Na siku nilipokohoa damu kwenye kitambaa, damu kidogo tu, kama kutu, nilikifua kile kitambaa mwenyewe bombani, nikakianika nyuma ya tanki. Hiyo ilikuwa miezi saba kabla ya kwenda hospitali. Saba! Niliona kifo kimenifikia, nikajificha nyuma ya kitambaa.

Mama yenu, usilie. Au lia, ila lia polepole, nisipoteze mstari.

Nilikwenda kwanza kwa mama wa mitishamba, yule anayekaa mtaa wa pili, na msije mkamlaumu, maana yule mama alikuwa mkweli kuliko mimi. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimeona damu, nikasema ndiyo. Akafunga mfuko wake, akasema, "Baba, mimi nina majani ya kutuliza koo na ya kukupa hamu ya kula. Cha kuondoa damu hiyo sina. Nenda ukapigwe picha, kisha urudi tuzungumze chakula." Nilikasirika, nikaenda kwa mwingine ambaye hakuniuliza chochote, akanipa chupa tano za maji ya kahawia na kuniahidi kwamba uvimbe utayeyuka. Hata uvimbe wenyewe hakuwa ameuona. Nilizinywa zote.

Hospitali walinipiga picha ya kifua, wakanipitisha kwenye ile mashine ya duara, wakanichoma sindano kuchukua kipande kidogo cha nyama wakakipime. Daktari ni binti mdogo, umri wa kitindamimba wa mtu, lakini hakunizungusha. Aliniambia uvimbe ukikutwa mapema, umekaa sehemu moja, wanaweza kuukata na mtu akaishi. Ukishakuwa mkubwa wanauchoma kwa mionzi, wanatia dawa za dripu za kuua chembe zake, na siku hizi kuna vidonge na sindano za kuuamsha mwili upigane wenyewe, kwa wale ambao vipimo vyao vinakubali. Wangu ulikuwa umeshatembea mpaka kwenye mifupa. Nikamuuliza, ningekuja miezi saba nyuma? Akashusha macho, akasema hawezi kujua kwa hakika. Nikamwambia binti yangu, mimi nimekaa na wateja miaka mingi, najua fundi anapomwonea mtu huruma.

Hata hivyo sikatai nilichopewa. Mionzi ilinipunguzia maumivu ya bega. Dripu zilininyoa nywele na kunitapisha, lakini zilinipa mwezi wa kutembea mpaka kwenye geti na kurudi. Na yule mama wa mitishamba nilimrudia kama alivyosema, safari hii daktari akijua, maana kuna majani yanayogombana na dawa na lazima yasemwe. Chai yake ya tangawizi ilinitulizia kichefuchefu. Mhudumu wa mazoezi akanifundisha kupumua kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepooza uji. Mama yenu akanikanda mgongo, majirani wakaja kuniombea, na usiku nilioombewa nililala. Vyote hivyo ni vyema, vinamshika mgonjwa mkono. Kosa langu lilikuwa kuvitaka vishike kisu cha daktari.

Niinueni kidogo. Hapo. Mto usizidi.

Sasa Mama Pacha, nitazame. Wewe ulikuwa na miaka minane ulipoanza kuniletea chakula gereji. Ulikuwa ukisimama ukutani na mafundi, unafumba macho, unasema, "Na mimi baba, niogeshe!" Nami nikakupitishia lile bomba kichwani, nywele zikasimama, ukacheka mpaka ukakaa chini. Na jioni nikirudi ilikuwa kazi yako kupokea ovaroli langu, unalipiga ukutani kwa fimbo, pa, pa, pa, vumbi linakufunika, kisha unaingia ndani uso umekuwa kijivu, unasema umeniulia adui zangu wote. Miaka minane ulifanya hivyo. Nikiwaambia watu mwanangu ananipenda, mfano niliokuwa nao ni huo.

Nakusikia ukikohoa, mwanangu. Ukuta wa chumba hiki ni mwembamba na mimi silali sana. Unakohoa kikavu, unaziba mdomo kwa kanga, na nikikuuliza unasema ni mafua. Hata visingizio umevichukua kwangu. Tangu pacha walipofungua shule unakohoa, na sasa wanakaribia mitihani. Juzi ulitoka bombani na ndoo ya maji ukasimama katikati ya uwanja umejishika kiuno, ukadhani hakuna aliyekuona. Huenda ni mafua kweli. Naomba Mungu iwe mafua, nicheke, nikuite mzushi. Lakini vumbi lile daktari anasema hukaa kimya miaka ishirini, thelathini, ndipo linapodai nafasi, na mimi ndiye niliyekupaka kwa mkono wangu, nikicheka. Nisamehe. Sijui neno jingine. Nimelitafuta wiki nzima, nisamehe mama.

Usinijibu sasa. Najua utasema utakwenda nikishapona, na nikifa utasema baada ya arubaini, kisha baada ya mitihani ya watoto. Mimi ni mwalimu wa hiyo shule. Utakwenda leo. Lile gari mlilosikia likizima nje sio la jirani. Ni baba yenu mdogo. Nilimpigia simu mwenyewe, jana mlipokuwa mnapika. Nikamwambia Bibi Harusi, ulikuwa sahihi, na mimi nilijua. Akauliza, "Nije saa ngapi?" Hilo tu. Daktari anakungoja, ana jina lako. Mwambie kuhusu ovaroli. Usifiche hata kidogo, mwambie na miaka.

Fundi, masharti yako haya hapa. Wewe na kila aliyefanya kazi kwangu mpigwe picha za kifua. Sigara uache, usinitazame hivyo, naisikia kwenye shati lako. Zile lainingi za zamani kwenye rafu usiuze, usisage, usifagie. Waite wenye kazi hiyo, wazilowanishe, wazifunge, wakazizike wanakojua. Unga wa breki ufutwe kwa kitambaa kibichi. Bomba la upepo lijaze matairi, basi. Na ule mfuniko, chini ya mguu wa meza, bado upo. Uchomoe. Uukunjue. Uubandike mlangoni, kila mtu ausome. Meza iache iyumbe.

Maji... Asante, mama watoto. Wewe sikukutunza vizuri kama ulivyonitunza. Hilo nalo nalijua.

Mungu awape pumzi ndefu. Sina dua kubwa kuliko hiyo. Mpande ngazi mkizungumza, mcheke msikohoe, muone wajukuu wa hawa pacha. Msigombane. Baba yenu mdogo mumpe kiti changu. Jina lile lisiitwe tena... mpaka alicheke mwenyewe.

Haya, Mama Pacha. Nenda. Usipige magoti, utachelewa foleni. Kanga hiyo ya kuzibia mdomo iache hapa, nguo unazo nyingine. Nenda nikiwa nakuona.

Nyamazeni kidogo.

Huyo anayekohoa pale uani ni yeye? Mwambieni asizibe. Aache kitoke.

Geti... mmelisikia? Nimelisikia mimi.

Akirudi na majibu, akinikuta nimefumba macho, msimzuie mlangoni. Aje hapa. Aniambie sikioni, polepole. Hata nisipojibu... aniambie.