Mama Benigna Mbano, Aliyewaimbia Wafu wa Makanisa Yote

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu mkubwa, Benigna Remigi Mbano.

Benigna alizaliwa Peramiho tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa mzee Remigi na mama Walburga, akabatizwa Mkatoliki wiki hiyohiyo, akasoma hapohapo, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka 1977 akaanza kufundisha hapa Songea hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa, kwa ruhusa ya parokia, na mwalimu Dastan Ngatunga, Mwanglikana wa Liuli, kila mmoja akabaki na kanisa lake, Jumapili wakiagana barabarani bila ugomvi, wakajaliwa Hilda na Aidani.

Mwaka 1994 alianzisha Kwaya ya Umoja hapa Msamala, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoraviani pamoja, msiba uwe wa nani kwaya inaingia, na kila Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo viongozi walimsifu na kupiga naye picha.

Tarehe 11 Februari 2020 alimzika mumewe, na katika ibada ile, jeneza likiwa mbele yake, alipokea mkate wa Bwana mkononi mwa mchungaji wa Kianglikana. Habari zikafika parokiani matanga hayajaanuliwa, akatakiwa aungame kosa hilo la kushiriki meza ya kanisa jingine, akajibu kwamba dhambi zake anazijua na hiyo haimo, akazuiwa kukomunika, yaani kupokea Ekaristi, na jumuiya ya majirani Wakatoliki ikaacha kusali kwake.

Kisukari kilimwanza mwaka 2021, figo zikafuata, akafariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025.

Tulipotoa taarifa na kuomba ibada ya maziko, parokia ilisema alijitenga mwenyewe, Waanglikana wakasema hakuwa muumini wao, na kamati ya umoja wa makanisa ikasikitika, ikaleta shada la maua. Inauma sana. Viongozi wetu mmefika, mmekaa viti vya mbele, karibuni, ila kila mmoja wenu ameacha joho lake nyumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, wanakwaya, na jirani yetu Mwamvua, Mwislamu, aliyemwosha kwa mikono yake bila kuuliza alikuwa wa kanisa gani. Sala ya kaburini ataisoma binti yake Hilda, kwa kuwa wenye kazi hiyo leo ni wageni.

Mama, wewe pumzika kwa amani, sisi bado.