Mshale Uliogoma Kushuka

Haya niliyasikia kwa masikio yangu, na atakayesema naongopa hakuwamo ndani ya basi.

"Tangi kavu, mshale wa mafuta unasema limejaa," mwenye gari la urithi alimlalamikia fundi bomba aliyeketi naye. "Na Jumamosi ndilo gari linalompeleka binti yangu harusini."

"Tupa tangi, kaka."

"Tangi la marehemu baba?"

"Kwani atalidai?"

Nilikuwa nimefumba macho, lakini ushauri ule ulinishinda kuvumilia. "Chomoa kwanza waya wa tangini, mwanangu. Mshale ukianguka, boya la ndani limekwama. Usipoanguka, waya umechubuka, unagusa bodi ya gari."

"Fundi wa ndotoni huyu," fundi bomba akacheka.

Basi likasimama. Kondakta, aliyekwisha kunipita mara mbili, akaninyooshea kiganja. "Kumbe mzee uko macho. Nauli."

Nikalipa.