Adui wa Mwisho kwenye Kaseti ya Mtumba

"Kaseti za gemu za mtumba ninazo sitini, na sijawahi kufuta pale mmiliki wa kwanza alipofikia," kinyozi alimwambia muuguzi aliyekutana naye kwenye kiti cha basi, mbele yangu. Akachomoa moja mfukoni. "Huyu alibakiza adui mmoja tu, akauza."

"Si ummalizie, kaka?"

"Dada, hilo ni jasho la mtu. Naliheshimu."

Heshima ya aina hiyo sijawahi kuipata hata nyumbani kwangu.

"Kwa hiyo hujajaribu hata kidogo?"

Kinyozi akageukia dirishani. "Mara arobaini na moja. Hafi yule!"

Basi likasimama. Muuguzi akainuka, akanyoosha mkono. "Niazime hadi kesho."

"Na ukimshinda?" akauliza kinyozi, akiirudisha kaseti mfukoni.