Farida Yuko Ndani

Mzee Twaha alikuwa na msimamo mmoja: mpira wa wanawake haangalii. Ndani ya basi la Mbagala alimweleza hivyo hivyo Zuena, jirani yake wa siti, aliyejitambulisha kuwa msemaji wa timu ya mabinti. Zuena alishayazoea hayo. Mechi iliyopita walipata mashabiki kumi na mmoja, muuza karanga akiwemo, naye aliondoka karanga zilipoisha.

"Basi babu, tuuache mpira," akasema. "Mfungaji wetu Farida anaolewa Jumapili. Yuko ndani anasuguliwa liwa, kungwi wake kamkataza hata kuchungulia dirishani. Na Jumamosi asipocheza, sie tunashuka daraja."

"Kungwi mwenyewe nani?"

"Bi Mwanahawa wa Kurasini."

Mzee akaguna. "Yule hapitishi hata nzi. Bwana harusi anasemaje?"

"Ndiye aliyempenyezea viatu vya mpira, kwenye kapu la asumini."

Kituo cha mzee kikapita, mwenyewe hana habari. "Sasa anatoka au hatoki?"

"Njoo Jumamosi saa kumi, uwanja wa shule," Zuena akasema, akashuka zake.

Basi lilipofika kituo kilichofuata, uzalendo ukamshinda mzee. Akamgeukia abiria wa nyuma. "Mwanangu, unamjua binti anaitwa Farida?"