Hildegarda Aliyekataa Kufuta Kanda

Baada ya miaka kumi na minne ya utumishi, Mama Hildegarda Cornel, fundi wa kurekodi wa Redio Mto Mkondoa, anastaafu tarehe 30 Juni 2009. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, ila nina hasira.

Alizaliwa kambi ya mkonge hapa Kilosa, akajifunza ufundi kwa baba yake aliyetengeneza redio za manamba wenzake. Tulipomwajiri mwaka 1995, redio za watu binafsi ndiyo kwanza zinaruhusiwa, alizunguka na kinasa sauti toka Masanze hadi Ruhembe. Huko Ruhembe alirekodi mkutano mzima wa wakata miwa huku siafu wakimpanda miguuni. Kwenye kanda husikii hata mguno.

Mwaka 2004 uongozi ulihamishia vipindi vyote kwenye CD zenye kizuizi cha kunakili, eti vibanda vya kuuza kanda vya Mikumi vinarudufu na kuuza jasho letu. Kanda za zamani zikaamriwa zifutwe. Mama Hildegarda alisema kikaoni kwamba mwizi atapata njia, atakayekwama ni mkulima anayetaka nakala ya kipindi. Hakuna aliyemuunga mkono. Mimi niliandika muhtasari, nikanyamaza. Yeye alizibeba kanda hadi nyumbani kwake, akapewa barua ya onyo.

Mwaka 2007 akaja Bonifas kutoka Masanze. Mama yake, Paulina, aliyefundisha kuhifadhi mbegu redioni kwetu kwa miaka sita, alikuwa amefariki, na familia ilitaka sauti yake isikike kwenye arobaini. Meneja alimjibu kwamba CD haitoi nakala, na hata ingetoa, ni mali ya kituo. Mtu mzima yule alisimama mapokezi akikunjakunja kofia.

“Sauti ni ya mama yake,” Mama Hildegarda alimwambia meneja mbele yetu sote. “Sisi tulimwazima kipaza sauti tu.”

Akamrudufia kutoka kanda za zamani. Kwa hilo alisimamishwa kazi mwezi mzima. Vibanda vya Mikumi viliendelea kuuza vipindi vyetu, vikivinasa moja kwa moja kutoka hewani. Tuliyemzuia ni mfiwa.

Uongozi haujamwomba radhi. Mimi namwomba hapa, kwa maandishi.

Asante, Mama. Mungu akupe afya na miaka mingi na wajukuu. Nasikia juzi wanawake watatu wa Kilangali walikuja barazani kwako na kanda tupu mikononi. Walipita mbele ya kituo chetu bila kusimama.