Betri Isiyo na Kosa

Mshonaji aliyekaa kiti cha nyuma cha basi aliacha kuhesabu vituo pale mzee wa mbele yake, aliyepakata betri kama mjukuu, alipoanza kumlalamikia dada wa ovaroli aliyekaa naye. "Mashine ya boti yangu haiwaki. Nabonyeza swichi, kimya! Hii betri naipeleka kuchajiwa mara ya tatu."

"Hizo mashine ndiyo kazi yangu, baba. Gia huwa umeiacha wapi?"

"Mbele. Mke wangu hukaa kando yangu, na kikapu chake hukiegemeza kwenye mkono wa gia."

"Basi betri unaionea bure. Mashine ikiwa kwenye gia, starta haizunguki hata ufunge betri ya lori. Mwambie mama asogeze kikapu."

Mzee alishtuka kana kwamba ameambiwa amtose mkewe majini. "Miaka thelathini anakaa pale! Nikimwambia ataona namfukuza, ahamie mbele ya boti. Na kelele zile za mashine, nitamsikiaje?"

"Kisogeze mwenyewe, kimya kimya."

"Hakuna kitu kinachosogezwa kimya kimya mbele ya mke wangu."

Mshonaji, ambaye mumewe hajawahi kumbebea hata kibiringo cha uzi, alimwonea wivu mwanamke asiyemjua, pamoja na kikapu chake.

Basi likasimama. "Wa kuchaji betri!" konda akaita. Mzee akainuka na mzigo wake.

"Baba, nimekwambia betri ni nzima!"

"Nimekusikia, mwanangu. Lakini nyumbani nimeshasema ni betri."